Joseph Murumbi: Mlezi wa Sanaa na Turathi Jijini Nairobi

Jina la Joseph Murumbi likitajwa, aghalabu hutajwa katika orodha. Huyo ni makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekikalia kiti hicho kwa miezi michache mwaka wa 1966, kati ya Jaramogi Oginga Odinga aliyemtangulia na Daniel arap Moi aliyemfuata. Mwanafunzi hulikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani, kisha akapita. Lakini anayeingia katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katikati ya jiji la Nairobi, hukutana na Murumbi mwingine kabisa. Ukumbi wa chini umesheheni ngao, vigoda, vinyago, vibuyu, ala za muziki na mavazi kutoka pembe nyingi za Afrika, na katika hazina ya jengo hilo hilo mna maelfu ya vitabu vilivyokuwa mali yake. Murumbi huyo wa pili ndiye anayesimuliwa hapa. Siasa zake zitaguswa pale tu zinapotusaidia kuelewa kwa nini mtu aliyefika karibu kabisa na kilele cha mamlaka aliteremka kwa hiari, akatumia umri uliobaki kuokota vitu ambavyo wenzake waliviona kuwa takataka za kale.

Alizaliwa tarehe 18 Juni 1911 katika Bonde la Ufa. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, na mama yake, Njambiki, alikuwa Mmaasai. Utoto wake chini ya paa la wazazi ulikuwa mfupi. Akiwa bado mdogo alipelekwa India kusoma, kwanza Bangalore na baadaye Bellary, katika shule za wamisionari wa Kikatoliki. Alirejea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa kijana mzima, anayeijua misa ya Kilatini na fasihi ya Kiingereza, ila nchi ya mama yake hakuijua ila kwa masimulizi. Katika Kenya ya kikoloni kila mtu alikuwa na tabaka lake lililoandikwa: Mzungu, Mhindi, Mwafrika. Mwana wa Mgoa na Mmaasai hakuwa na safu yake katika daftari hilo. Zuzarte lilikuwa jina ambalo lingemfungulia milango fulani ya ukarani na vilabu vya Wagoa. Hatimaye yeye alishika jina la upande wa mama, Murumbi, na kwa jina hilo akaingia katika siasa ya Waafrika.

Uamuzi huo haufai kupitwa haraka. Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kuzungumzia utambulisho kana kwamba ni kitu anachozaliwa nacho mtu kisha akakipoteza shuleni. Maisha ya Murumbi yanaonyesha mwelekeo wa kinyume. Yeye aliupoteza kwanza, tena akiwa mtoto asiyeulizwa, kisha akaurudia akiwa mtu mzima, kwa kujifunza na kwa kukusanya. Huenda ndiyo sababu hakuwahi kuuchukulia utamaduni wa Kiafrika kuwa jambo la kawaida lililopo tu, kama hewa. Kwake ulikuwa kitu kinachoweza kupotea.

Miaka ya 1940 aliitumia zaidi Somalia, alikofanya kazi chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Aliporudi Nairobi alijiunga na chama cha KAU, na viongozi wakuu wa chama hicho walipokamatwa baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mnamo Oktoba 1952, Murumbi ndiye aliyeachiwa kazi ya kaimu katibu mkuu. Akishirikiana na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari mwenye asili ya Goa kama yeye, alishughulika kutafuta mawakili wa kuwatetea washtakiwa wa Kapenguria. Mwaka wa 1953 aliondoka nchini, akapitia India na Misri, kisha akatua London. Huko alikaa hadi 1962, akifanya kazi katika harakati za kupinga ukoloni.

Ni London alikoanza kukusanya. Mji huo ulikuwa, na pengine bado ni, ghala kubwa la mambo ya Afrika. Taarifa za wapelelezi, kumbukumbu za wamisionari, ramani za mipaka, kamusi za kwanza za lugha zetu, ripoti za tume, yote hayo yalichapishwa Ulaya na kubaki Ulaya. Msomi wa Nairobi aliyetaka kusoma jinsi nchi yake ilivyoelezwa na watu wa karne ya kumi na tisa alilazimika kwanza kupanda meli. Murumbi, mkimbizi asiye na mali, alianza kupekua maduka ya vitabu vikuukuu na kununua alichokimudu. Katika miaka hiyo ndipo alipokutana na Sheila Kaine, mkutubi, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Jambo hili husimuliwa kama kisa cha mapenzi tu, na bila shaka mapenzi yalikuwapo. Hata hivyo linaeleza pia kwa nini mkusanyo wa Murumbi haukuwa lundo. Mtu hukusanya vitabu elfu kwa shauku. Ili vitabu hivyo viwe maktaba, pahitajika mkono unaojua kupanga.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1963 alikuwa mbunge wa Nairobi na waziri katika serikali mpya. Mwaka uliofuata alikabidhiwa wizara ya mambo ya nje, na safari za kazi zikampa fursa ya kuona na kununua kazi za sanaa za mataifa mengine ya Afrika. Lakini tarehe 24 Februari 1965 Pinto alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake jijini Nairobi. Murumbi alimpoteza rafiki aliyekuwa kwake kama ndugu. Mwezi Mei 1966 aliteuliwa kuwa makamu wa rais baada ya Odinga kujiuzulu, na kabla ya mwaka huo kwisha yeye pia alikuwa ameacha kazi. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya. Walioyachunguza maisha yake wameitaja pia huzuni ya kifo cha Pinto pamoja na kuchukizwa kwake na jinsi wenye nafasi walivyokuwa wakijigawia ardhi. Yeye mwenyewe hakuzunguka nchi akiyatangaza hayo. Aliingia katika biashara, akawa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans, na mapato yake yakamwezesha kukusanya kwa kiwango ambacho mkimbizi wa London asingekiota.

Nairobi aliyoirudia ilikuwa katika mchemko wa sanaa. Ezekiel Mphahlele, mwandishi aliyetoroka ubaguzi wa Afrika Kusini, alikuwa ameanzisha kituo cha Chemchemi mwaka wa 1963. Mwaka wa 1965 Elimo Njau, mchoraji kutoka Tanzania, akiwa na wenzake, alifungua Paa ya Paa. Mwishoni mwa muongo huo wasanii watatu walianzisha Gallery Watatu. Msomaji wa jarida hili atatambua kwamba majina haya yote yana Kiswahili ndani yake. Wakati chuo kikuu na serikali zilipokuwa bado zikijiendesha kwa Kiingereza, wasanii wa jiji walikwisha kuamua kwamba lugha ya kuipa sanaa mpya jina ni Kiswahili. Hilo ni jambo ambalo historia ya lugha yetu nchini Kenya hailitaji mara nyingi inavyostahili.

Tatizo la kumbi hizo halikuwa vipaji. Tatizo lilikuwa soko na kumbukumbu. Mnunuzi wa sanaa mjini alikuwa mgeni, na mara nyingi alichonunua kiliondoka naye. Vitu vya jadi vilikuwa katika hali mbaya zaidi. Kigoda cha Mturkana ambacho mwenyewe hukitumia pia kama mto wa kulalia, kibuyu cha maziwa, au mkufu wa bibi harusi, kilitoka kijijini kwa bei ndogo, kikapita mikononi mwa wachuuzi wa mjini, kikaishia kwenye kabati la mtu ng'ambo. Makumbusho yaliyorithiwa kutoka kwa wakoloni yalikuwa na sifa ya ndege, wanyama na mafuvu ya kale kuliko ya kazi za mikono ya watu waliokuwa hai. Murumbi aliamua kushindana na wachuuzi hao kwa kuwanunulia wao wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikutana na Alan Donovan, kijana Mmarekani aliyekuwa ameacha kazi ya serikali yake Nigeria, akaivuka Afrika na kuvutiwa na Waturkana. Donovan alifanya maonyesho ya vitu alivyovikusanya kaskazini mwa Kenya. Murumbi aliyaona na kumtaka amletee vingine. Kutokana na urafiki huo, mwaka wa 1972 Murumbi, Sheila na Donovan walianzisha African Heritage, ukumbi na duka la sanaa kwenye barabara ya Kenyatta.

Ukumbi huo ulitofautiana na uliotangulia kwa namna mbili. Kwanza, ulikuwa wa Afrika nzima. Vinyago vya Afrika Magharibi na nguo zilizofumwa huko viliwekwa karibu na shanga za Wamaasai na mawe ya Wakisii yaliyochongwa. Mkenya aliyeingia mle aliona ujirani ambao hakufundishwa shuleni. Pili, haukuishia kununua vya kale. Uliagiza kazi mpya, ukawapa mafundi wa shanga, shaba, mbao na vitambaa kazi za mfululizo, na baadaye ukawa na wanamitindo na bendi yake, ambamo alipitia Job Seda, aliyepata kujulikana ulimwenguni kwa jina la Ayub Ogada na kwa nyatiti yake. Biashara hiyo ilikua hadi ikawa miongoni mwa kubwa zaidi za aina yake barani, na iliendelea jijini hadi mwaka wa 2003.

Ipo lawama ambayo haina budi kusemwa. African Heritage haikuwa na jina la Kiswahili kama Paa ya Paa, na haikuwa ajali. Mteja wake mkuu alikuwa mtalii na muuzaji wa ng'ambo. Mkazi wa Kaloleni au Mathare hakuwa na fedha za kununua mkufu wa pale, na pengine hakujihisi kualikwa. Mwenye kutaka kumtetea Murumbi atasema kwamba fedha za mgeni ndizo zilizomlipa fundi mwenyeji, na kwamba bila duka, fundi angeacha ufundi. Hoja hiyo ina nguvu. Ila utetezi ulio imara zaidi haumo dukani. Umo katika kile alichokusudia kukifanya na nyumba yake.

Nyumba hiyo ilikuwa Muthaiga, mtaa wa matajiri kaskazini mwa jiji. Humo ndimo walimoishi Joseph na Sheila pamoja na mkusanyo wao: vitabu na hati vinavyohesabiwa kwa makumi ya maelfu, elfu nane na zaidi kati yake vikiwa vitabu adimu vilivyochapishwa kabla ya mwaka wa 1900, barua na nyaraka za siasa, stempu za posta za nchi za Afrika, michoro, nguo, samani na vinyago. Walikuwepo wanunuzi wa nje waliokuwa tayari kulipa vizuri. Murumbi aliwakataa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya nyumba na mkusanyo kwa bei iliyo chini ya thamani yake, kwa makubaliano kwamba pale pale Muthaiga pangekuwa na taasisi ya taaluma za Kiafrika yenye jina lake. Watafiti wangesoma na kulala hapo, wasanii na wanafunzi wangeingia, na mtoto wa Nairobi asingehitaji tena kusafiri hadi London ili asome habari za kwao.

Hapa pana swali ambalo wasimulizi wengi wa maisha yake hulikwepa. Kwa nini mtu aliyeiacha serikali akiwa anaijua tabia yake aliikabidhi serikali hiyo hiyo kazi ya maisha yake? Alikuwa amekwisha kuona jinsi mali ya umma inavyogeuka kuwa ya mtu. Jibu jepesi ni kwamba alikosea. Jibu hilo halitoshi. Mali ya mtu binafsi, hata awe mwema vipi, hugawanywa na warithi. Chuo cha ng'ambo kingeitunza vyema, lakini hilo lingekuwa ni kuurudisha mkusanyo kule kule alikoutoa. Kati ya njia zote, ni umma wa Kenya tu uliokuwa na haki ya kuwa mrithi, na umma huo haukuwa na mkono mwingine wa kupokelea ila serikali. Murumbi hakuwaamini viongozi sana. Aliamini kwamba nchi ingewazidi umri.

Miaka hiyo hiyo Hifadhi ya Nyaraka ilikuwa imeanzisha jitihada ya kunakili hati za Kenya zilizokuwa Uingereza, na mmoja wa wataalamu wake, Anne Thurston, alirekodi mazungumzo marefu na Murumbi ambayo yamekuwa msingi wa mengi yanayojulikana juu yake. Shabaha ya jitihada ile ilikuwa ile ile ya vitabu vikuukuu vya London: kuirudisha nyumbani kumbukumbu ya nchi. Ilikuja kubainika mwaka wa 2011, serikali ya Uingereza ilipokiri kuwa imeficha maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake, ya Kenya yakiwamo, kwamba waliokuwa wakitilia shaka ukamilifu wa hati walizoonyeshwa walikuwa na haki.

Baada ya kuuza nyumba ya Muthaiga, Murumbi na mkewe walihamia Intona, shamba lao la Transmara katika nchi ya jamaa za mama yake, wakajenga huko nyumba kubwa yenye vyumba vingi na kuanza kukusanya upya. Baadaye alipatwa na kiharusi kilichomweka kwenye kiti cha magurudumu, akarudi kuishi Nairobi. Siku moja alipelekwa Muthaiga kuiangalia nyumba yake ya zamani. Haikuwepo. Ilikuwa imebomolewa, kiwanja kimepewa wengine, na majengo mapya yanapanda. Vitabu na sehemu kubwa ya mkusanyo vilikuwa vimesalimika kwa kuhamishiwa Hifadhi ya Nyaraka, lakini taasisi iliyoahidiwa haikuanzishwa. Walio karibu naye wamesimulia kwamba hakupata kupona jeraha lile. Alifariki tarehe 22 Juni 1990, siku nne baada ya kutimiza miaka 79.

Alizikwa katika bustani ya City Park, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyotaka. Hata hapo hakuachwa kwa amani. Vipande vya bustani hiyo ya umma vilikuwa vikigawiwa watu binafsi katika wimbi la unyakuzi wa ardhi, na makaburi yenyewe yakawa hatarini. Sheila alifariki mwaka wa 2000 na kuzikwa kando ya mumewe. Mwaka wa 2003 marafiki, Donovan akiwa mbele, waliunda wakfu wa Murumbi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kupigania kaburi. Kizungu hicho cha hatima kinashangaza: aliyechukizwa na unyakuzi wa ardhi akiwa ofisini, alibomolewa nyumba na unyakuzi, kisha akafuatwa nao hadi mavani.

Mambo kadhaa yametengenezwa tangu hapo. Mwaka wa 2006 ukumbi wenye jina la Murumbi ulifunguliwa ndani ya Hifadhi ya Nyaraka, hatua chache kutoka kwenye vituo vya matatu, mahali ambapo mtu wa kawaida hupita kila siku. Mwaka wa 2009 eneo la makaburi City Park liligeuzwa bustani ya vinyago vikubwa vya mawe na mbao vya wachongaji wa Afrika Mashariki, akiwamo Elkana Ong'esa wa Kisii, wasanii ambao kazi zao Murumbi alizipenda. Na tangu 2013 sehemu nyingine ya mkusanyo imeonyeshwa katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Ndani ya jengo hilo wakoloni waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, na kutoka hapo ndipo umbali wa kwenda sehemu nyingine za nchi ulipokuwa ukipimwa. Donovan aliendelea kuusimamia urithi huo hadi alipofariki mwaka wa 2021.

Vitu, basi, vimehifadhiwa, walau vilivyo vingi. Anayetaka kuviona hulipa kiingilio, akatazama kupitia kioo, akatoka. Alichokihitaji Murumbi ni pahala pa kufanyia kazi, penye vitanda vya watafiti na meza za kusomea, ambapo vitabu vya kabla ya 1900 vingefunguliwa na mwanafunzi wa Kiswahili anayefuatilia kamusi ya kwanza ya lugha yake, na mchongaji angekishika kigoda mkononi ili ajue kilivyochongwa. Pale Muthaiga palipotengwa kwa kazi hiyo pana nyumba za watu.